Dakika Kumi za Euphrasia

Euphrasia wa Kibara alijitolea kunakili daftari la ubatizo la kigango chetu, lile ambalo mchwa wameshakula pembe zake. Ni miaka arobaini ya majina, na nakala nyingine hakuna. Anayachapa nyumbani, kwenye kompyuta ya mezani aliyoachiwa na dada yake. Umeme wetu hukatika bila taarifa. Ulipomkatikia mara ya tatu, fundi alimwambia diski imeanza kuharibika. Ikizimika ghafla tena, majina yale asiyatafute.

Mumewe, Kasmiri, ni mvuvi wa dagaa. Kwake betri ni kitu cha kuwasha taa ziwani mpaka alfajiri. Akaleta ya mtumbwini pamoja na inverta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani.

"Hii inakeshaga na mimi majini," akasema. "Itashindwa na kimashine chako?"

Euphrasia hakubisha, alitaka kuona. Akaweka taa ya mezani mahali pa kompyuta, akazima swichi kuu mwenyewe. Kasmiri akahangaika na vibanio vya waya. Taa ilirudi, ila mkewe alikuwa amehesabu hadi thelathini. Kompyuta haisubiri hata moja.

Akanakili namba za umeme zilizobandikwa nyuma ya kompyuta na kioo chake, akaenda Bunda kutafuta UPS, lile boksi lenye betri ndani linalopokea kazi papo hapo umeme ukikatika. Muuzaji, Edwin, alimwonyesha dogo akasema linakaa masaa mawili. Hakuwa amelipima, na kusema usichokipima ni uongo hata kama hukukusudia. Euphrasia akaomba lijaribiwe kwa kompyuta ya dukani yenye namba kama zake.

Edwin akachomoa waya ukutani. Kioo hakikupepesa. Euphrasia akainama kusikiliza mlio wa boksi, akazunguka nyuma, akagusa ubavu wake kuona kama limepata joto.

"Mama, unalikagua kama ng'ombe wa mahari," Edwin akacheka.

"Ng'ombe naye sichukui kwa maneno."

Dakika ya kumi kila kitu kikazimika. Edwin, akiwa ameona haya, akanyoosha mkono kuchukua boksi kubwa. Euphrasia akamzuia. Alikuwa anajiuliza kuhifadhi kazi na kuzima vizuri kunachukua muda gani. Dakika mbili, tena bila haraka.

"Nilikuwa natafuta taa ya dagaa," akasema. "Mimi sikeshi nayo. Nipe hilo hilo dogo. Na anayekuja baada yangu umwambie dakika kumi."

Alhamisi umeme ukakatika akiwa katikati ya jina. Boksi likaanza kulia. Akamalizia jina, akahifadhi, akaanza kuzima.

"Mbona unazima na bado lina nguvu?" Kasmiri akauliza.

"Nguvu hiyo ni ya kuzimia kompyuta, Baba Shija."

Umeme uliporudi aliwasha, akashuka hadi mstari wa mwisho. Nyangi, binti wa Stanslaus, alikuwepo, herufi zote. Akafungua daftari ukurasa uliofuata.