Mfagizi wa Mbeya Anayepima Virungu kwa Utosi Wake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya paa la shule moja ya misheni hapa Mbeya, na Yotamu Mwakalinga anajipiga kichwani.

Hajipigi kwa hasira. Anashika kipande cha mwanzi, anakiinua hadi mkono unyooke, anakiachia kimwangukie utosini, kisha anatulia kidogo kama mtu anayeonja mchuzi. Akiridhika, anakiweka kulia. Asiporidhika, anakuna kichwa na kukiweka kushoto. Leo vyote kumi na viwili viko kulia.

"Kinachoniuma mimi hakimfai mtoto," anasema. "Mimi kichwa changu kigumu, kimekwenda vitani."

Yotamu, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, ni mfagizi na mpiga kengele wa shule hiyo kwa mshahara wa shilingi arobaini na tano kwa mwezi. Jioni, akishaweka ufagio, huwafundisha watoto kumi na mmoja mchezo wa kurusha virungu vitatu hewani na kuvidaka kwa zamu bila kimoja kugusa chini. Alijifunza katika kisiwa cha Seiloni mwaka 1944, akiwa amelazwa katika hospitali ya jeshi, kutoka kwa askari wa Kihindi wa kitanda cha jirani.

"Kutoka vitani nilirudi na vitu viwili, homa na mchezo huu," anasema. "Homa imepona."

Leo ni sikukuu ya mavuno ya mwaka huu wa 1956, na mchezo wenyewe uko hatarini. Mwezi uliopita kirungu kilimwangukia Damari, msichana wa miaka kumi ambaye ni hodari kuliko wenzake wote, kikamtoa nundu ya kutisha. Mwalimu mkuu, Mwalimu Ezekia, akatoa sharti fupi: sikukuu hii watoto wacheze, lakini kichwa kimoja kikivimba tena, virungu vitakwenda jikoni kuwa kuni.

Kosa, Yotamu anakiri, lilikuwa kumwendea fundi mzuri mno. Alipokwenda Iringa kumsalimia dada yake aliyeolewa huko, alimwagiza seremala Tadeo virungu vitatu vya kujaribia. Tadeo akavichonga kwa mninga, akavipiga msasa, akavipaka vanishi, shilingi mbili kila kimoja. Vilipendeza kama miguu ya kiti cha askofu, na uzito ulikuwa huohuo.

Baada ya nundu ya Damari, Yotamu alipanda basi akavirudisha.

"Kamwene, fundi," alimsalimu. "Nataka kitu chepesi, cha watoto wanaoanza. Hata mti wa ovyo."

Tadeo aliweka randa chini. "Mti wa ovyo? Kwenye karakana hii? Virungu hivyo watarithi wajukuu zako."

"Hawatazaliwa, fundi. Vitakuwa vimeshawaua wazazi wao."

Waliachana bila kuelewana. Akiwa njiani kurudi kituo cha basi, Yotamu alipita kwa Mama Severina, muuza ulanzi, ile pombe ya mianzi ambayo Iringa hainywewi kwa kujificha. Msimu ulikuwa umekwisha, na nyuma ya nyumba kulikuwa na lundo la mbeta kuukuu, vile vipande vya mwanzi vinavyofungwa kwenye mmea kukinga ulanzi unapodondoka. Yotamu akaokota kimoja, akakiachia utosini.

"Baba, hujanywa hata kikombe," Mama Severina alisema, "umeshaanza?"

Alinunua kumi na viwili kwa senti kumi kila kimoja. Tatizo la vipande hivyo alilijua kabla basi halijafika Sao Hill, pale abiria wa nyuma walipoanza kuulizana nani amebeba ulanzi na kwa nini hagawi.

Nyumbani, mkewe Tupokigwe alivisugua kwa majivu, akavichemsha, akavianika siku nne. Kwenye baridi vilinuka mwanzi tu. Jua likiwaka, vilikumbuka kwao.

Saa sita mchana jua limewaka. Watoto wamejipanga mbele ya kanisa, wanarusha virungu kwa zamu, upepo unavuma kuelekea viti vya mbele, na kiti cha kwanza amekalia Mzee Saulo, mzee wa kanisa ambaye amekemea pombe kwa miaka ishirini. Pua yake inainuka. Yotamu, aliyesimama kando na ufagio wake, anaiona. Kwa nundu alikuwa amejiandaa, lakini pua hiyo hana dawa yake.

Mzee anasimama. "Mwalimu mkuu, simamisha. Watoto hawa wanachezea vyombo vya ulanzi."

Anamwendea Damari moja kwa moja. Damari anageuza shingo kumtazama, kirungu kimoja kinamponyoka, kinapanda, kinashuka, na kutua katikati ya upara wa Mzee Saulo.

Yotamu anafumba macho. Miaka kumi na miwili ya mchezo wake, anasema baadaye, aliiona ikiingia jikoni.

Mwalimu Ezekia anamkalisha mzee, anampapasa kichwa mbele ya watu wote, kulia, kushoto, hadi kisogoni.

"Imeuma, mzee?"

Mzee Saulo ni mkali, lakini hasemi uongo. Anajipapasa upara mwenyewe. "Hapana," anasema. "Haikuuma."

"Hakuna nundu," anatangaza Mwalimu Ezekia. "Waendelee."

Damari anarusha na kudaka mara thelathini na saba bila kuangusha. Yotamu anahesabu kwa sauti, machozi yakimtoka, wala hayafuti.

Sasa ana mpango. Mzee Saulo ameukubali mchezo, ila mwakani anataka mianzi mipya ambayo haijawahi kukinga kitu chochote. Yotamu atapanda mlima Rungwe kuikata mwenyewe, apate virungu thelathini na sita, vya kuwatosha watoto wengine kumi na wawili. Damari ndiye atakayewafundisha wanaoanza.

"Vyote nitavipima," anasema akikuna utosi. "Kichwa bado ninacho."

Tupokigwe anakusanya vile vya zamani kwenye kapu, na anavinusa kimoja kimoja. "Lakini baba, sisi hapa kwetu tunajua pombe ya ulezi," anasema. "Ulanzi ni wa Iringa. Mzee wetu harufu yake aliijulia wapi?"

Yotamu anatazama kanisani, kisha anashusha sauti.

"Utamwuliza," anasema, "sikukuu ya mwakani ikishapita."