Jina Ambalo Sikuliandika

Ipo siku moja ya kiangazi ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, binti wa jirani yangu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, tukiishi Luvungi, na nyakulu wangu, bibi mzaa baba, alikuwa ameketi uani akimenya mihogo. Mwalimu alikuwa ametuagiza tuandike ukoo wetu. Nyumbani ni Nyakulu peke yake aliyebaki akiujua. Akanitajia wanaume taratibu, baba wa baba, na baba wa huyo, mpaka wale walioishi milimani Rurambo kabla Mzungu hajaonekana bondeni. Kisha kisu chake kikatulia.

"Sasa andika na mama yangu."

"Nyakulu, mwalimu aliomba wababa tu."

"Ah! Na minye nilizaliwa na nani, na muhogo?"

"Kaye inaisha."

Nilidanganya. Kurasa za daftari zilikuwa tele, ila wenzangu walikuwa wananingoja barabarani na masikio yangu yalishatangulia. Nyakulu akacheka. "Sawa, weye. Siku utapata kaye ingine, uniulize mbio. Minye iko nachoka."

Sikumuuliza. Mvua za kwanza zilipoanguka, tulimzika.

Unajua kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na ukweni hakuna anayethubutu kutaja jina alilopewa na wazazi wake. Ni heshima, nami siidharau. Lakini nilipojifungua binti yangu wa kwanza nilitaka kumpa jina la yule mama wa Nyakulu, na hapo ndipo nilipoona nilichopoteza. Katika kitabu cha ubatizo cha parokia, Nyakulu ameandikwa na baba yake. Mahali pa mama pako peupe. Nikambeba mtoto mgongoni, nikapanda Rurambo alikozaliwa Nyakulu. Mzee mmoja wa ukoo wa baba yake Nyakulu, mfugaji, akanionyesha mafiga matatu yaliyozama katika majani.

"Hapa ndipo alipikia. Alikuwa na sauti, ule! Akiita ndama zake, hata za jirani zinakuja."

"Jina lake, Baba?"

"Mama Kabika."

"La kwake mwenyewe?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Nani angelitaja? Alikuwa mukwe wetu."

Nilikaa kando ya mafiga yale mpaka ukungu ukapanda. Nilitamani kumwita, mwanangu, nikakosa namna. Nikasema "Mama" tu, neno ambalo wanawake wote wa mlima ule wangeweza kuliitikia. Binti yangu nilimpa jina lingine. Ni jina zuri, lakini kila nikimwita nasikia lile nisilolijua.

Basi nenda kwa bibi yako leo, usingoje mitihani iishe. Ukimkuta na kazi, kaa chini uifanye naye. Muulize mama yake alimwitaje kabla hajawa mama wa mtu, na huyo mama naye aliitwa nani. Andika, kisha msomee kwa sauti ayasikie majina hayo.

Mungu akupe miaka mingi na wajukuu wasio na haraka. Na siku watu watakapozoea kukuita kwa jina la mtoto wako, asikose hata mmoja wa kukuita kwa lako. Mimi hapa mtaani Rugenge wote wananiita Mama Riziki. Naitwa Nabintu. Andika.