Rasta Zangu na Kiunganishi Kisichofunguka

Nacheka sasa kwa sababu nywele zimeota, lakini siku ile jamani niliomba ardhi ipasuke inimeze, na ninaposimulia msinitazame usoni, tazameni chai zenu. Wivu ndio ulionifikisha pale, wala si bahati mbaya.

Kazi yangu mnaijua, nabuni viunganishi vya waya kwenye karakana moja hapa Dodoma, vile vidude vya plastiki vyenye springi na meno ndani, unasukuma waya, meno yanauma, umemaliza, hakuna kusokota waya wala kuzungushia tepu. Kazi hii niliianza zamani kabla Rehema hajaja. Rehema ni binti wa Kondoa, mpole, anaamkia kila mtu, hata chai akimimina anaanza na wenzake, yaani hakuna pa kumchukia, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Bosi wetu, Mama Sechelela, akipita mezani kwangu anasema "haya, endelea", akifika kwa Rehema anavuta kiti.

Basi kikaja kikundi cha akina mama wa Bahi, wakulima wa mpunga, wanataka viunganishi vya kuunga paneli za sola na pampu za maji. Mama Sechelela akasema mimi na Rehema kila mmoja abuni chake, wateja wachague, na atakayechaguliwa ndiye atakayesimamia utengenezaji. Nilikitaka hicho cheo mpaka nikawa nakiota.

Na changu kilikuwa kizuri, nisiwafiche. Kilikuwa na kilimi kidogo ubavuni, ukikibonyeza meno yanaachia, waya unatoka. Sasa siku moja kabla ya wageni nikapita mezani kwa Rehema (makusudi, ndiyo), nikaona chake nacho kina kilimi. Roho ikaniuma. Nikajisemea, watu watasema nimemwiga huyu mtoto, mimi niliyemtangulia. Nikakaa chini nikang'oa kilimi changu, nikaziba tundu kwa gundi, nikajipa moyo kwamba kiunganishi kisichoachia ndicho imara.

Siku yenyewe nikaja na rasta mpya za kufika kiunoni, nimeziachia hivi, ingawa sheria ya karakana ni kufunga nywele, kwa sababu Rehema alikuwa amejifunga kitambaa chake cha kila siku na mimi nilitaka wageni waone nani mwenyewe hapa. Nikasimama mbele ya ubao wenye kiunganishi changu, nikaanza kujisifu, ndipo Mama Sechelela akaniuliza kwa utulivu, "Estha, hawa jioni wanarudi na paneli nyumbani zisiibwe. Wanafunguaje?"

"Mama, jambo la kwanza ni kushika," nikasema, nikainama haraka, nikashika waya mweusi nikausukuma tunduni kwa nguvu (kumbe pamoja na rasta mbili, nazo nyeusi), nikawaambia akina mama, "Sasa vuteni mtakavyo," nikajiinua kwa madaha, na kichwa kikarudishwa chini mpaka paji la uso likagonga ubao.

Nikavuta. Ukivuta, meno yanazidi kuuma, nimeyabuni mwenyewe. Kwa aibu nikaendelea kueleza habari za springi nikiwa nimeinama vilevile, shavu kwenye ubao, mpaka mwenyekiti wao, mama mmoja mpole sana, akauliza, "Mwanangu, na hiyo ni namna ya kupima?" Wenzake wakaziba midomo kwa khanga.

Rehema akaja mbio na bisibisi. "Dada Estha, tulia nifungue kasha."

Hapo ndipo nilipojimaliza. Badala ya kushukuru nikasema, tena kwa sauti, "Usiguse. Unataka uone ndani ukaige."

Rehema akashusha bisibisi, akasema taratibu, "Dada, nimeshaiga. Kile kilimi nilikiona kwenye mchoro wako ulioubandika ukutani, nikakipenda. Nilipanga leo niwaambie wageni kwamba wazo ni lako. Wewe umekipeleka wapi?"

Mama Sechelela akainama mpaka nikaona miwani yake. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyekibuni, na wewe ndiye uliyekitoa?"

"Ndiyo, mama," nikauambia ubao.

Bisibisi haikufua dafu, maana gundi yangu ilikuwa imegandisha kasha zima, ikabidi Rehema akate rasta kwa koleo la waya, taratibu, huku akiniambia "pole dada" kila akibana. Akina mama wakachagua chake bila hata kuombwa. Zile rasta mbili zilibaki zinaning'inia kwenye ubao mpaka wageni walipomaliza soda zao.

Leo Rehema ndiye msimamizi, na bado ananiamkia kila asubuhi. Nimeapa sitang'oa tena kitu changu kizuri kwa sababu tu nimekiona kwa mwenzangu, na kiapo hicho nakishika, ingawa kuna siku kinanielemea. Juzi amekuja kasuka rasta, kazifunga vizuri nyuma kama sheria inavyotaka. Zimempendeza kuliko zangu. Nimemwambia hivyo, kisha nikaenda nje kukaa peke yangu kidogo.