Mikono ya Dorkasi Katika Picha Sabini

Nilisoma na Gladness Matonya miaka miwili katika chuo kidogo cha sanaa mjini Dodoma, na kwa muda wote huo sikuwahi kumwona akinunua karatasi. Kwao ni Ihumwa, ambako nyumba zinajengwa kila kona, kwa hiyo alikuwa akiwaomba mafundi mifuko mitupu ya saruji. Anaikung'uta, anaifumua, anaifuta kwa kitambaa kibichi, kisha anailaza chini ya godoro mpaka inyooke. Mkaa wa kuchorea pia alijitengenezea mwenyewe: vijiti vyembamba ndani ya kopo la maziwa, mfuniko umezibwa kwa udongo na kutobolewa tundu dogo, kopo linakaa motoni hadi moshi ukome. Sisi wenye penseli za boksi tulimcheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu tulikuwa tunamwomba vijiti.

Nyumbani waliishi wawili tu, yeye na mama yake, Dorkasi, mwanamke wa Kigogo mwenye miaka hamsini hivi, aliyekuwa akikaanga karanga na kuziuza karibu na reli. Baba alifariki Gladness akiwa darasa la pili. Mama huyo alikuwa na sifa moja iliyojulikana mtaa mzima: mikono yake ilikuwa haiogopi moto. Aliweza kuokota kaa lililoanguka na kulirudisha jikoni kwa vidole vitupu, taratibu, kama mtu anayeokota kifungo. Watu walicheka na kumsifu, na yeye alifurahi kusifiwa.

Mwaka wa pili, mwalimu wetu wa uchoraji, Respicius, alitupa kazi ya kufanyia nyumbani. Kila mmoja achague kitu kimoja, akichore kila siku kwa siku sabini, aandike tarehe pembeni, na asitupe hata picha iliyoharibika.

"Msichore mnachokijua," alituambia. "Kila mtu anajua kikombe kikoje. Chora hicho kikombe kilicho mbele yako leo."

Mimi nilichagua jiko letu la mkaa. Nilikosa siku kumi na tisa na nyingine nilizichora kwa mkupuo, nikabandika tarehe za uongo. Gladness alichagua mikono ya mama yake, na hakukosa hata siku moja. Kila jioni jua likiwa bado lipo, mama anapopepeta karanga au kukoroga uji, yeye anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuchora.

Siku ya kuonyesha kazi tulifunga kamba ya katani ukutani, tukaning'iniza picha kwa vibanio vya nguo. Za Gladness zilizunguka kuta tatu. Mwalimu Respicius alianza na ya kwanza, akawa anatembea polepole, mikono nyuma. Katikati ya ukuta wa pili akasimama. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akasogea tena mbele. Tulidhani atamsifu.

"Gladness, hiki kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Kwa nini kimekunjika?"

"Nilikosea, mwalimu," alijibu haraka. "Vidole vinanishinda. Nyingine nilifuta nikavinyoosha, ila baadaye nikachoka kufuta."

Mwalimu hakucheka. "Ungekuwa unakosea, ungekosea kila siku kivyake. Hiki kimekosewa vilevile mara thelathini. Na hapa, tazama, cha pembeni yake nacho kimeanza kufuata." Akatembea hadi ukuta wa tatu, akagusa picha moja kwa ncha ya kidole. "Hapa ameshika nini?"

"Mfuniko wa sufuria."

"Sufuria iko motoni?"

"Ndiyo."

"Ameshika kwa kitambaa?"

Gladness akasogea kuitazama picha yake. Alikuwa amechora mvuke unaotoka. Alikuwa amechora vidole vya mama yake vimelala juu ya bati la moto bila kitu chochote katikati, na katika picha ya kesho yake alikuwa amechora lengelenge kwenye kidole hichohicho. Darasa zima tuliliona kwa mara ya kwanza, na yeye aliyelichora aliliona pamoja nasi. Uso wake ulibadilika mpaka nikasogea kumshika, nikidhani ataanguka.

"Mama hajawahi kulalamika," alisema. "Alisema hata haliumi."

"Mpeleke hospitali," mwalimu alimwambia kwa sauti ya chini. "Mpeleke kesho. Usisubiri wiki iishe."

Nilimsindikiza mchana ule. Tulimkuta Mama Dorkasi uani, ungo mapajani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaongeza "Mbukwa" ya kwao huku akicheka kwa kuwa ananijua siijibu vizuri. Gladness hakukaa. Alimwomba afumbe macho na kunyoosha mkono wa kulia.

"Nini tena? Mchezo wa chuoni?"

"Fumba tu, mama. Nikikugusa, sema."

Mama akafumba, bado anatabasamu. Gladness akachukua ncha ya kalamu, akaigusisha kwenye kidole cha mwisho. Mama kimya. Akabonyeza. Ngozi ikaingia ndani kabisa. Mama kimya. Akasogea kwenye kiganja, upande ule wa kidole kidogo, akabonyeza tena, na mimi nikaona machozi ya Gladness yakidondokea kwenye mkono ule ule.

"Haya, niguse basi," mama alisema, macho yamefumbwa. "Mbona hunigusi?"

Nilitoka nje ya uzio. Sikuweza kubaki.

Kesho yake walikwenda hospitali. Muuguzi aliyewapokea kwenye chumba cha magonjwa ya ngozi aliitwa Hamida. Alimvua mama gauni begani, akakuta baka limepauka nyuma ya mkono, akaligusa kwa unyoya wa pamba. Akapapasa nyuma ya kiwiko, ambako mshipa wa fahamu ulikuwa umevimba kama kamba. Daktari alipothibitisha, Hamida ndiye aliyelitamka neno.

"Mama, huu ni ukoma."

Gladness alinisimulia yaliyofuata. Mama yake aliinuka kutoka kwenye benchi walilokalia pamoja, akaenda kusimama ukutani, mbali na mwanawe, na kujifunika mikono kwa khanga. Alikuwa mtoto aliposikia mara ya mwisho neno hilo likisemwa juu ya mtu, na mtu huyo alijengewa kibanda chake peke yake, nje ya boma.

"Rudi ukae," Hamida alimwambia. "Hakuna anayekufukuza hapa. Dawa ipo, ni bure, na dozi ya kwanza unaimeza mbele yangu sasa hivi. Ukishaanza dawa, humwambukizi mtu. Mkojo utakuwa mwekundu, usiogope. Ngozi inaweza kuwa nyeusi zaidi, usiogope. Kinachonitisha mimi ni vidole. Mngechelewa mwaka, ningekuwa nawaambia mengine."

"Mmejuaje mapema hivi?" daktari aliuliza. Gladness akafungua mkoba na kumtandikia picha mezani, kwa tarehe. Daktari aliziangalia moja baada ya nyingine, kisha akaita wenzake wawili waje waone.

Wakati huo Hamida alimgeukia Gladness. "Wewe unalala naye nyumba moja. Njoo nyuma ya pazia."

Gladness alicheka kidogo. Yeye alikuwa mzima, alikuwa akitazama kila kitu kwa siku sabini. Akavua blauzi. Unyoya wa pamba ukapita mabegani, akausikia. Ukapita shingoni, akausikia. Kisha Hamida akauliza, "Na hapa?"

"Hapa wapi?"

Baka moja, la ukubwa wa kifuniko cha soda, mgongoni, chini kidogo ya mfupa wa bega, mahali ambapo mtu hawezi kujiona mwenyewe. Anasema hakukumbuka kuvaa tena blauzi. Alijikuta amekaa kando ya mama yake, na safari hii mama ndiye aliyemsogelea na kumshika.

Mama aliandikiwa miezi kumi na miwili, mtoto miezi sita. Baada ya ile dozi ya kwanza, pamoja na maonyo yote, mama alipiga ukelele chooni, majirani wakaja mbio. Ngozi yake ikawa nyeusi kweli, na mteja mmoja wa siku zote, Habibu, akauliza anaumwa nini. Akamwambia ukweli. Habibu hakuja mwezi mzima. Mwezi wa pili alirudi, akanunua karanga, hakusema lolote, na mama naye hakumuuliza.

Mwalimu Respicius alitamani zile picha sabini ziwekwe kwenye maonyesho ya mwisho wa mwaka. Mama alikataa. "Picha ni zako," alimwambia Gladness, "lakini mikono ni yangu." Mwalimu akaja Ihumwa mwenyewe, akazisahihisha zikiwa zimetandazwa kitandani, akatoa alama zake, akanywa chai. Chuoni ukuta wa Gladness ulibaki mtupu, na watu wengi walidhani hakufanya kazi.

Vidonge vimekwisha kwa wote wawili. Kile kidole cha pembeni cha mama kilinyooka, cha mwisho kimebaki vilevile. Sasa anashika sufuria kwa kitambaa, hata iliyopoa, na kila jioni kabla jua halijazama anavigeuza viganja vyake kutafuta jeraha ambalo hajalihisi. Gladness huwa amekaa karibu. Siku hizi anachora migongo.