Ng'ombe wa sebuleni: nimefukuzwa bandani kwa neno moja, na kauli sifuti

Jumapili, katikati ya Machi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, barabara ya Mabawe haipitiki.

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Haya yamenipata mwenyewe, na pale nilipokosea nitasema. Nimeishia la saba, mnivumilie.

Hapa kwetu kuna banda la video la Kaka Idi. Kila Jumamosi mchana tunaangalia tamthilia moja ya kizungu, imetafsiriwa na DJ mmoja wa huku Kanda ya Ziwa.

Tamthilia yenyewe haieleweki. Kijana ameoa, wiki hiyo hiyo kapotea. Halafu kuna ng'ombe anasimama sebuleni kwa baba mkwe, watu wanampita kama kiti tu. Baba mkwe anamlisha nyasi akiwa na suti!

Kwenye episode ya nne, mama mmoja anayetokea ndotoni akasema: "Ukijua mahari, umempata."

Mimi nikaropoka: "Si mnaona? Hajamaliza mahari! Wakwe wamemshikilia!"

Jamani, walinibeba. Mwalimu wa shule ya jirani, ambaye ndiye admin wa group letu, akaiandika theory yangu vizuri akaipeleka kwenye group kubwa la mashabiki wa mjini.

Wa mjini wakacheka. Wenzetu walioangalia bila tafsiri walisema hakuna mahari yoyote pale.

Mwalimu ni mtu wa haki, hakunihukumu hapo hapo. Namba ya DJ huwa inapita chini ya picha, akampigia mbele yetu, spika wazi.

"Shikamoo mzee. Pale episode ya nne, ulisema mahari?"

"Marahaba. Ndiyo, mahari."

"Mahari ya kuoa?"

"Aa! Ya kuoa ya nini? Mahari! Mahari pa kukaa!"

Wakuu, banda zima lilianguka kicheko. Kumbe alikuwa anasema MAHALI. Na mimi simcheki, maana nyumbani nasema hivyo hivyo. Hizo herufi mbili, L na R, huku kwetu ni mapacha.

Kicheko kikaisha, hasira ikaja. "Mama Jeni, umetuaibisha," Mwalimu akasema. "Usimame ufute kauli, niwaandikie wa mjini kwamba umekubali."

"Neno nimekosea, nakubali," nikasema. "Theory sifuti."

"Sasa theory bila neno inasimamia wapi?"

"Kwa ng'ombe."

Wakaguna. Wa mjini wanasema ng'ombe ni alama ya kifo, wengine wanasema ni kumbukumbu za utoto. Huenda, sijui. Lakini huku ng'ombe mgeni akionekana kwa mtu mwenye binti, nani anauliza habari za kifo? Tunauliza binti yupi.

"Kwa hiyo mzungu kaja kujifunza mila Ngara!" jamaa mmoja akadakia. Nilicheka na mimi, ilikuwa nzuri.

Kaka Idi akaamua: nifute, au episode ya mwisho nisiingie. Simlaumu, banda ni lake, na wateja walikuwa wanampigia kelele.

Wakuu, msione ni jambo dogo. Nyumbani hatuna TV, simu yangu ni hii ya kuazima. Wiki nzima nikiwa shambani ninawaza ile sebule. Usiku mmoja nilikaribia kukubali, nikajiuliza mimi ni nani nibishane na watu wenye vyeti.

Lakini ningefuta, ningekuwa nasema uongo. Bado naamini.

Jana sikwenda. Nilimtuma mume wangu, ambaye hajawahi kuiangalia, nikamwambia angalia kila kitu uniletee.

Amerudi. "Ehe, imeishaje?"

"Haijaisha, imekatika tu. Wamebaki wanabishana. Yule mzee mwenye suti kamfungua ng'ombe, kampa mtu kamba."

Nikamsogelea. "Kampa nani?"

"Sikumwangalia mtu."

"Baba Jeni! Ulikuwa unaangalia nini?"

"Ng'ombe. Wa maziwa yule, ana kiwele hiki!"

Nimekasirika mpaka nikacheka. Leo asubuhi Mwalimu ameniandikia: kamba alipewa mtu aliyefunikwa uso, hakuna anayejua. Amesema mlango uko wazi nikifuta kauli. Nimemjibu kwa heshima kwamba nitakaa nje.

Nilichojifunza: ukikosea neno, kubali neno. Usikubali kunyang'anywa hata macho yako.

Mlioiona, kamba ilikwenda kwa nani? Na mnaonipinga karibuni, ila mnijibu habari ya ng'ombe.

Jioni hii tumekula ndizi na maharage. Ndizi amemenya Baba Jeni mwenyewe, bila kuambiwa.