Somo la Kugawanya Siku ya Mvua

Siku waliponiletea darasani msichana kiziwi, nilinuna. Nilimwambia mwalimu mkuu kwamba fasi hakuna. Watoto wangu hapa kambini Nakivale ni wengi hadi wengine wanaandikia magotini, na mimi kazi yangu naifanya kwa sauti. Akanipeleka Mbarara kujifunza lugha ya ishara. Nilirudi na vidole vizito. Watoto wakanicheka, kisha wakaniiga, na kabla muhula haujaisha wakawa wananisahihisha.

Siku moja mvua ikashuka juu ya mabati katikati ya somo la kugawanya. Mvua ya huku ikipiga, mwalimu hasikiki hata apasue koo. Nikaitupa chaki kwa hasira. Yule msichana akaiokota, akaenda ubaoni, akaendeleza somo kwa vidole pale nilipoishia. Darasa zima likamfuata, huku madarasa ya jirani yamekaa bure.

Nikakaa kwenye dawati lake, nikanyoosha mkono, nikajibu hesabu yake kwa ishara. Akatikisa kichwa: nimekosa. Watoto wote wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, ingawa kwa mvua ile nilikiona tu, sikukisikia.