Mbwa Aliyepiga Chafya

Cheka ukitaka, lakini mimi nilikuwa nimekaa pale pale kando ya mama, na niliyaona haya kwa macho yangu. Ni nyumbani kwetu Boito, miaka ile ya hamsini, wakati chai ilikuwa ya Wazungu na sisi tulikuwa na mahindi na ng'ombe.

Fisi walikuwa wanatumalizia ndama, kwa hivyo baba akaenda Kericho kwa chama cha kutunza mbwa waliotupwa. Usidhani alipewa mbwa siku hiyo hiyo. Mama Mzungu aliyekisimamia alikuja kwanza kwetu, akakagua ua, akauliza kama kuna watoto wadogo. Baadaye ndipo akatuletea mbwa dume mweusi, mkubwa ajabu. Mama huyo alitaka mbwa alishwe na mtu mmoja tu mpaka atuzoee. Jina lake halikujulikana, maana Mzungu aliyemfuga alirudi Ulaya akamwacha barabarani.

"Jaribuni majina," akasema Mama Mzungu, "mpaka aitikie moja."

Hebu niambie, mama yangu angejaribu kwa njia gani nyingine? Kwetu Wakipsigis, mtoto akizaliwa, akina mama humtajia majina ya jamaa waliokufa, moja moja, wakimtia ugoro kidogo puani. Akipiga chafya, yule aliyetajwa ndiye amerudi. Basi jioni moja akimlisha mbwa, mama akaanza kwa mzaha: babu, shangazi, mjomba aliyezama mtoni. Tulicheka mpaka machozi. Mbwa alikula ugali wake tu.

Kisha mama akataja Kimutai. Ulimi ulimteleza. Kimutai alikuwa ndugu yangu mkubwa, askari wa Waingereza vitani katika misitu ya nchi ya Malaya, huko Asia, na mama alimwombea kila alipopika. Mbwa akaacha chakula, akainua kichwa, akapiga chafya. Bila ugoro, nakuapia.

Mama akamwacha mbwa. Aliingia ndani, akatoka na wembe, akaanza kujinyoa kichwa kama mwanamke aliyefiwa.

"Mama Kimutai, unanyoa ya nini?" baba akafoka. "Kijana iko hai!"

"Umesikia mwenyewe, Baba Kimutai. Wenye kuitikia ni wale wamekufa."

Baba alikuwa mtu wa kanisa, akakasirika sana. Lakini nywele za mama zilikuwa hazijaota vizuri mjumbe wa chifu alipofika na habari. Kimutai alikuwa ameuawa huko msituni. Baba alilia kama mtoto. Mama alimpa mjumbe maziwa, kwa sababu yeye alikuwa amekwisha kulia.

Mbwa yule aliishi nasi miaka mingi, na fisi hawakugusa ndama tena. Mama hakumwita jina lingine. Iliniuma kila nilipomsikia akiita "Kimutai!" na mbwa akija mbio.

Uchungu wenyewe ulikuja baadaye. Nilipopata mtoto wa kiume, mama alimtajia Kimutai kabla ya wote. Hakuna chafya. Akaongeza ugoro, akarudia mpaka sauti ikamkauka. Mtoto akapiga chafya kwa jina la babu. Ikawa hivyo kwa kila mjukuu, hata baada ya mbwa kufa.

"Alisharudi," mama akaniambia. "Harudi mara mbili."

Kwa hivyo wewe, ukitaka mbwa mkubwa, mchukue kwa watu waaminifu kama wale wa Kericho, kisha mpe jina la mlima au la mti. Usimtajie mtu wako, hata kwa mzaha. Mama alikufa bado akimngoja Kimutai, ingawa alisema harudi, na mpaka leo hakuna mtoto wa ukoo wetu mwenye jina hilo.